Jino la Pembe si Dawa ya Pengo: Namba Zinazokosekana katika Uchambuzi wa Data

Utangulizi

Siku hizi mwanafunzi wa uzamili katika idara ya Kiswahili hawezi kukwepa namba. Anayechunguza mitazamo ya wanafunzi wa sekondari kuhusu Kiswahili hugawa hojaji. Anayechunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi huhesabu makosa katika insha. Anayelinganisha mbinu mbili za ufundishaji hutoa jaribio kabla ya somo na jingine baada ya somo. Mwishowe wote huwa na jedwali, na jedwali hilo huingizwa katika programu kama vile Excel, SPSS, Stata, R au Python.

Ni nadra sana jedwali la watu halisi kujaa lote. Kuna aliyeruka swali la saba, kuna ambaye hakuja siku ya jaribio la pili, na kuna ambaye mwandiko wake haukusomeka. Hapo ndipo baadhi ya makosa mabaya zaidi katika tasnifu zetu huzaliwa. Ubaya wake ni kwamba kompyuta mara nyingi hailalamiki. Hutoa jibu safi lenye desimali mbili, nasi tukalipokea.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: jinsi programu za takwimu zinavyohifadhi namba kamili isiyokuwepo, makosa yanayotokana na uhifadhi huo, na hatua ambazo mtafiti wa lugha anaweza kuzichukua. Hisabati itakayotumika haizidi kujumlisha, kuzidisha na kugawanya.

Mfano wetu

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni, ambao tutautumia hadi mwisho. Wanafunzi wanane wameorodheshwa kufanya jaribio la Kiswahili lenye jumla ya alama 100. Matokeo yao kwa mpangilio wa orodha ni haya:

54, 61, hakuja, 47, 70, hakuja, 58, 40

Waliofanya jaribio ni sita. Jumla ya alama zao ni 330, na wastani wao ni 55. Waliopata chini ya 50 ni wawili, na waliozidi 50 ni wanne. Msomaji aziweke namba hizi akilini, maana tutaona zikibadilika kila mara pengo linaposhughulikiwa vibaya.

Pengo si sifuri

Walimu wa lugha tuna faida moja katika jambo hili: tumezoea kutofautisha aina za utupu. Katika neno tunda, kiambishi cha umoja hakisikiki. Wanaisimu husema kwamba hapo pana mofimu kapa, na huiandika kwa alama Ø. Kapa hiyo ina maana, kwani inatuambia kwamba tunda ni moja, wala si matunda. Sasa tuufikirie ukurasa wa mswada wa kale ulioliwa na mchwa. Hapo palikuwa na maneno, ila hatuyajui. Mhariri mwaminifu huacha nafasi na kueleza kwamba sehemu hiyo haisomeki. Hathubutu kusema kwamba mtunzi hakuandika kitu.

Sifuri inafanana na mofimu kapa: ni utupu unaojulikana. Mwanafunzi aliyefanya jaribio akakosa maswali yote ana alama 0. Asiyekuja hana alama; yeye ni ukurasa ulioliwa na mchwa. Tukimwandikia 0 kila asiyekuja, 330 inagawanywa kwa 8 na wastani unashuka hadi 41.25. Darasa lililofaulu kwa wastani wa 55 linaonekana limeshindwa.

Kosa hili hutokea hata pale ambapo hakuna aliyeandika sifuri. Katika Excel, fomula ya wastani (AVERAGE) huruka kisanduku kitupu, na hilo ni sawa. Lakini tuseme karatasi ya pili ya faili inachukua alama kutoka karatasi ya kwanza kwa fomula ya kunakili, kama vile =C4. Ikiwa kisanduku C4 ni kitupu, Excel huleta 0. Mwanafunzi aliyelazwa hospitali siku ya mtihani anageuka kuwa aliyepata sifuri, na sifuri hiyo inaingia katika wastani kama alama nyingine yoyote. Dawa yake ni kuandika =IF(C4="","",C4), ili kilicho kitupu kibaki kitupu.

Desturi ya 99

Desturi nyingine ya siku nyingi, hasa kwa watumiaji wa SPSS, ni kuweka namba maalumu mahali pa jibu lisilokuwepo: 9, 99 au 999. Desturi hii haina ubaya mradi programu iambiwe kwamba namba hiyo ni alama ya pengo. Katika SPSS jambo hilo hufanywa kwenye ukurasa wa maelezo ya vigeu, katika safu ya thamani zinazokosekana. Mtafiti akisahau, 99 huhesabiwa kama alama ya kweli. Katika mfano wetu jumla inakuwa 528, na ikigawanywa kwa 8 wastani ni 66. Watoro wawili wamelipandisha darasa zima!

Kosa la aina hii hujificha vizuri zaidi pale ambapo namba iliyochaguliwa inaweza pia kuwa jibu halali. Kwa umri wa mwanafunzi wa sekondari, 99 hujitokeza mara moja mtu akitazama. Kwa alama zilizo kati ya 0 na 100, haijitokezi hata kidogo. Kwa hiyo tayari tuna wastani tatu kutokana na karatasi zilezile: 55, 41.25 na 66.

Kompyuta huliandikaje pengo?

Ili tuelewe makosa yaliyojificha zaidi, ni lazima tuone kinachofanyika ndani ya mashine. Tutaanza na R, programu isiyolipiwa. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000.

R huhifadhi kila namba kamili katika biti 32. Biti ni nafasi inayoweza kuwa 0 au 1 tu. Biti 32 zinaweza kupangwa kwa namna 4,294,967,296, na kila mpangilio ni namba fulani, kuanzia -2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Hakuna mpangilio uliobaki wa kusema "hapa sijui". Kwa namba za desimali hali ni tofauti. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1985 iitwayo IEEE 754 ilitenga mipangilio maalumu yenye maana ya "hii si namba", na mashine yenyewe huitambua: ukijumlisha kitu hicho na 5, jibu linabaki "si namba". Namba kamili hazina ulinzi huo.

Waundaji wa R walitatua tatizo kwa kuitoa sadaka namba moja. Walichukua ile iliyo ndogo kuliko zote, -2,147,483,648, wakaamua kwamba ndani ya R isomwe kama NA, yaani pengo. Ndiyo maana R haiwezi kuhifadhi -2,147,483,648 kama namba kamili; safu yake inaanzia -2,147,483,647.

Jambo la kuzingatia ni kwamba haya ni makubaliano ya R peke yake. Vifurushi vingi vya R vina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C au C++ ili kuongeza kasi. Sehemu hizo zikipokea safu ya namba kamili bila kuuliza kwanza kama kuna pengo, huona -2,147,483,648 na kuifanyia hesabu. Kama asiyekuja angekuwa mmoja tu, jumla ingekuwa namba hasi ya zaidi ya bilioni mbili, na kila mtu angeshtuka. Katika mfano wetu wasiokuja ni wawili. Ukiijumlisha -2,147,483,648 mara mbili unapata -4,294,967,296, ambayo ni mzunguko mmoja kamili wa biti 32. Kama mita ya gari inayofika mwisho ikarudi mwanzo, mashine tunazozitumia kwa kawaida hurudi palepale zilipokuwa, na jumla inatoka 330. Programu ikigawanya kwa 8 inapata 41.25, sawasawa na kama watoro wangepewa sifuri. Hakuna onyo wala namba ya kutisha ambayo ingemfanya mtu atilie shaka. Kwa sababu hii, anayeandika msimbo wa C++ kwa ajili ya R hulazimika kuikagua kila namba kamili kabla ya kuijumlisha.

Ndiyo, siyo na sijui

Tukibaki ndani ya R, pengo hufuata mantiki ambayo mzungumzaji yeyote anaifahamu: jibu la swali linaweza kuwa ndiyo, siyo au sijui. Ukiiambia R mean(alama), inajibu NA. Wengi hukasirika hapo, lakini R imesema kweli: wastani wa watu wanane haujulikani ikiwa wawili hatuwajui. Ukiandika mean(alama, na.rm = TRUE) unaiagiza iwaache wasiojulikana, na inakupa 55.

Wanaoanza hujaribu kutafuta mapengo kwa kuandika alama == NA. Wanapata NA nane. Sababu ni kwamba wameuliza, "Je, namba hii ni sawa na ile nisiyoijua?" Jibu pekee la haki ni "sijui", hata kwa pengo likilinganishwa na pengo. Swali sahihi ni is.na(alama), na idadi ya mapengo hupatikana kwa sum(is.na(alama)), yaani 2.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuchagua. Mtafiti anataka kujua ni wangapi walipata chini ya 50, akaandika length(alama[alama < 50]). Anapata 4, wakati jibu sahihi ni 2. Kwa wale wawili wasiokuja, R haijui kama wamo au hawamo, basi inawaweka katika orodha kama NA, na urefu wa orodha unawahesabu. Njia salama ni sum(alama < 50, na.rm = TRUE), au kutumia which(alama < 50), ambayo huchukua wale tu ambao jibu lao ni ndiyo.

Stata ina makubaliano yaliyo kinyume cha yale ya R. Pengo la Stata huandikwa kwa nukta, na huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba nyingine zote. Amri count if alama > 50 itahesabu wale wanne pamoja na wawili wasiokuja, na jibu litakuwa 6. Mtumiaji wa Stata anapaswa kuongeza sharti: count if alama > 50 & !missing(alama). Kwa hiyo pengo ambalo kwa R limejificha chini kabisa, kwa Stata limejificha juu kabisa. Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine asihame na mazoea yake.

Makosa ya njiani

Yapo makosa mengine yanayotokea data inaposafiri kutoka aina moja kwenda nyingine. Tutataja manne.

Kwanza, neno ndani ya safu ya namba. Tuseme faili letu lina neno "hakuja" katika safu ya alama. Kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R ilikuwa na desturi ya kuigeuza safu kama hiyo kuwa makundi, na kuyapa makundi namba kwa mpangilio wa alfabeti: 40 inakuwa 1, 47 inakuwa 2, 54 inakuwa 3, 58 inakuwa 4, 61 inakuwa 5, 70 inakuwa 6, na "hakuja" inakuwa 7. Mtafiti akitumia as.integer moja kwa moja, hapati alama bali namba hizo za makundi. Wasiokuja ndio wanaoongoza darasa. Matoleo mapya hayageuzi maneno kuwa makundi bila kuombwa, lakini misimbo ya zamani bado inapita mikononi mwa wanafunzi. Kama safu tayari ni makundi, igeuze kwanza kuwa maandishi: as.integer(as.character(alama)). Hapo "hakuja" litakuwa NA, na R itatoa onyo.

Pili, namba kamili kugeuka desimali. Katika Python, kifurushi cha pandas kwa kawaida huigeuza safu nzima ya namba kamili kuwa ya desimali ikikuta pengo moja tu, kwa kuwa alama yake ya pengo ni ile "si namba" ya desimali. Kwa alama za mtihani hilo halina madhara makubwa. Kwa namba za usajili lina madhara: 2041 inakuwa 2041.0, na mtafiti akizigeuza kuwa maandishi ili aunganishe majedwali mawili, "2041.0" na "2041" hayakutani. Mwanafunzi anatoweka katika jedwali la pamoja. Tangu toleo la 0.24 la Januari 2019, pandas ina aina iitwayo Int64, yenye herufi kubwa mwanzoni, inayokubali namba kamili pamoja na mapengo. Hata hivyo, namba ya usajili haijumlishwi wala haigawanywi. Ni heri isomwe kama maandishi tangu mwanzo, na sifuri zake za mbele zitasalimika.

Tatu, pengo linalotengenezwa na hesabu yenyewe. Katika R, 50000L * 50000L hutoa NA pamoja na onyo, kwa kuwa bilioni mbili na nusu hazienei katika biti 32. Herufi L ndiyo inayoiambia R kwamba namba ni kamili. Anayehesabu maneno katika mkusanyo mkubwa wa matini anaweza kukutana na pengo ambalo halikuwemo katika data yake. Maonyo ya R yasomwe, yasifungwe.

Nne, na hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine: neno "na". Ni miongoni mwa maneno yanayotumika mara nyingi zaidi katika lugha yetu. Mtafiti anayeorodhesha maneno ya vichwa vya habari vya magazeti, ambavyo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa, atakuwa na neno NA katika mistari mingi ya faili lake. R na pandas zote mbili, zisipoambiwa vinginevyo, husoma NA kama pengo. Kiunganishi chetu kinafutwa kimyakimya, na orodha ya marudio ya maneno inatoka bila mojawapo ya maneno makuu ya Kiswahili. Namibia nayo hupatwa na balaa hilohilo, kwa kuwa kifupisho chake cha kimataifa ni NA. Katika R, tumia na.strings = "" unaposoma faili; katika pandas, tumia keep_default_na=False. Kwa herufi ndogo, "na" husalimika.

Kwa nini hakuja?

Hadi hapa tumezungumzia namna ya kulitambua pengo. Swali linalobaki ni zito zaidi, na programu haiwezi kulijibu. Tunapoandika na.rm = TRUE na kupata 55, tunadai nini? Tunadai kwamba waliokuja wanaweza kuwasemea wasiokuja. Huenda wasiokuja waliogopa jaribio kwa kuwa Kiswahili chao ni dhaifu. Basi 55 ni kubwa mno kwa darasa hilo. Huenda walikuwa katika mashindano ya michezo, na kutokuja kwao hakuhusiani na lugha. Basi 55 inakubalika. Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alichapisha makala iliyoonyesha kwamba sababu ya data kukosekana ni sehemu ya uchambuzi wenyewe.

Wapo wanaoziba pengo kwa kuweka wastani: kila asiyekuja anapewa 55. Wastani haubadiliki, lakini alama zinaonekana kukaribiana kuliko zilivyo, na idadi ya waliofanya jaribio inaonekana kuwa nane ilhali ni sita. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Linapendeza kwa mbali, ila halitafuni.

Aidha, mapengo hayafanani. Hapa Uganda, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili kama somo kwa mara ya kwanza katika sekondari, hojaji inaweza kuuliza, "Ulianza kusoma Kiswahili shuleni ukiwa na umri gani?" Aliyekijua nyumbani bila kukisoma shuleni hana jibu, swali halimhusu. Mwingine alikisoma ila hakumbuki. Wa tatu aliruka swali kwa haraka. Wote watatu wanaacha nafasi tupu, lakini wa kwanza ametupa habari muhimu kuhusu lugha yake. Tukiwachanganya, tunaitupa habari hiyo.

Hatua za kuchukua

1. Acha kisanduku cha namba kitupu, na uandike sababu katika safu ya pembeni: hakuja, haimhusu, hakujibu, haisomeki.

2. Ukilazimika kutumia namba maalumu, chagua ambayo haiwezi kuwa jibu halali, kama vile -9 kwa alama za mtihani, na uitangaze kwa programu kabla ya hesabu yoyote.

3. Mara tu baada ya kusoma faili, hesabu mapengo ya kila safu na uyalinganishe na karatasi zako. Yakiwa mengi zaidi au machache zaidi, simama hapo.

4. Tazama namba ndogo kabisa na kubwa kabisa katika kila safu. 99, 999, -2147483648, au sifuri usiyoitarajia zitajitokeza zenyewe.

5. Andika idadi ya waliohesabiwa chini ya kila jedwali la tasnifu. Wastani wa 55 kwa watu sita si sawa na wastani wa 55 kwa watu wanane.

6. Hifadhi faili la awali bila kuligusa, na ufanye marekebisho yote katika nakala.

Hitimisho

Programu tulizozitaja hazina makosa kwa maana ya kawaida. Kila moja ina makubaliano yake kuhusu namna ya kuandika kitu kisichokuwepo, na hitilafu huanza pale makubaliano hayo yanapovuka mpaka: kutoka R kwenda C, kutoka karatasi moja ya Excel kwenda nyingine, kutoka kwa aliyeingiza 99 kwenda kwa anayechambua bila kuambiwa. Katika mfano wetu, watu wawili wasiokuja wametosha kugeuza wastani kutoka 55 hadi 41.25 au 66, na kuwahesabu wale wawili mara miongoni mwa walioshindwa, mara miongoni mwa waliofaulu. Darasa la kweli lenye matokeo kama hayo linaweza kunyimwa mbinu ya ufundishaji iliyokuwa ikilifaa, au kupewa isiyofaa.

Ni vyema basi wasimamizi wa tasnifu, kabla ya kumwuliza mwanafunzi wastani wake ni ngapi, wamwulize kwanza: mapengo ni mangapi, yako wapi, na yalitokeaje? Mwanafunzi naye awe na majibu yaliyoandikwa. Swali hilo halihitaji kompyuta, na linaweza kuulizwa kuanzia siku hojaji zinaporudi kutoka shuleni.